Birika Kwenye Dashibodi

Kijiwe chetu hapa Kilwa Masoko kinaitwa Siti ya Nyuma, kwa sababu benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya basi lililofia Nangurukuru enzi za mashirika ya umma. Tunakaa hapo asubuhi, tunakunywa kahawa ya Bakari na kuitengeneza nchi kwa mdomo. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita tulipata kazi ya kweli. Pikapu ya Abdulrazak, mtumba wa Japani uliopitia Dubai, ilikuwa inakohoa na kutetemeka mbele ya benchi, na kwenye dashibodi taa ya rangi ya chungwa imewaka. Jana jioni alilitia gari petroli ya safari, akalilaza zima; leo limeamka gonjwa. Na leo hiyo hiyo, baada ya alasiri, Abdulrazak anamwoa Samia, kijijini Kiswere. Baba wa binti alishatangaza mbele za watu kwamba Samia hatatoka nyumbani kwake kwa kupanda lori la samaki. Mimi nilisogea pembeni nisikilize, maana wenzangu nawajua.

– Plagi hizo, alisema Spana. Jina lake Klementi, mtu wa Nyangamara, aliyewahi kuwa utingo wa lori la kokoto, kisha akajitunukia ufundi mwenyewe. – Nimezitoa, nimezipiga msasa, nimezirudisha.

– Na bado linatetemeka, alisema Abdulrazak.

– Litazoea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

– Kaka, mimi jembe silitaki. Nataka kufika Kiswere.

Mzee Abilahi alinyanyua kikombe, akakinusa, akakunja uso. Huyu tunamwita Soko Huria. Tangu shirika lake la korosho livunjwe, hakuna baya ambalo halikuletwa na soko huria, hata mafua.

– Bakari, kahawa hii imechanganywa. Soko huria hilo. Siku hizi wanasagia na makumbi humo.

– Kahawa ni ile ile, mzee. Anayenuka ni Spana, kashika injini tangu alfajiri. Abdu, lile dumu langu ulilonunulia petroli umelirudisha?

– Tangu jana. Liko hapo na wenzake.

Soko Huria aliinuka, akaingiza kichwa dirishani.

– Kipicha hiki ndiyo taa yenyewe?

– Ndiyo, mzee.

– Naona birika. Mdomo huu hapa, mkono huu hapa. Mjapani kakuchorea wazi kabisa, gari lina kiu.

Spana alijaza maji kwenye rejeta mpaka yakammwagikia miguuni. Gari likazidi kukohoa.

– Basi ni barabara, alisema Soko Huria bila aibu yoyote. – Limezoea lami. Limeona mashimo yetu, limechoka, linakuwashia taa ulipumzishe.

– Gari lichoke, mzee?

– Kwani wewe huchoki?

– Mimi nasema ile ni nyota, alidakia Spana. – Nyota ya mwenye gari wa kwanza. Ndiyo maana wahenga wakasema usisafirie nyota ya mwenzio. Mjapani akilikumbuka gari lake, inawaka.

– Na kukohoa?

– Majonzi.

– Au setilaiti, alisema Bakari, ambaye husikiliza redio kupita kiasi. – Kuna mitambo huko juu inaona mpaka kuku. Sasa hivi Japani wanajua gari lao liko kwa muuza kahawa.

Nilicheka. Abdulrazak hakucheka. Alikuwa amevaa kanzu mpya tangu asubuhi, kaikunja kiunoni isiguse grisi, na nilimwonea huruma.

– Naogopa, alisema taratibu. – Nikifika nasukumwa, baba yake Samia atanirudishia mlangoni.

– Tutakusukuma wote, alisema Spana. – Penye wengi hapaharibiki neno.

Hapo akafika Bi Mwahija, shangazi yake bwana harusi, na begi la nguo za Samia kichwani. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatua begi kwenye pikapu. Bakari akammiminia kahawa. Alikipeleka kikombe mdomoni, akakirudisha bila kunywa.

– Bakari, maji ya kahawa hii umechotea nini? Mbona yananuka petroli?

Bakari aliinua dumu alilochotea maji alfajiri, akalinusa mdomoni. Kisha akamgeukia Abdulrazak.

– Abdu. Nilipokuazima hili jana, chini lilikuwa na maji. Uliyamwaga kabla ya kutia petroli?

Abdulrazak alitazama viatu vyake.

– Nilikuwa na haraka, alisema mwishowe.

Spana alizima gari, akaingia chini ya tangi na ndoo, kwa mara ya kwanza bila methali. Akafungua. Yakatangulia maji, mengi kuliko tulivyopenda kuona, ndipo ikafuata petroli. Walipowasha tena, injini ilikohoa kidogo, ikatulia, ikanguruma vizuri.

Taa haikuzimika.

Abdulrazak alibaki ameshika usukani, anaitazama.

– Watu wa Kiswere wataiona, shangazi. Watasema nimeleta gari bovu.

Soko Huria alisafisha koo aanze hoja mpya. Bi Mwahija akamzuia kwa kiganja, akapanda mbele, akafunga mlango.

– Samia alikukubali kabla hujanunua gari, au baada?

– Kabla. Nilikuwa na baiskeli.

– Basi endesha.

Wakaenda. Siku nyingi sijafurahi namna ile kwa jambo lisilonihusu. Bakari alimwaga kahawa yote mchangani, tukakaa kwenye siti yetu bila kikombe mkononi, mpaka Soko Huria alipoguna.

– Hiyo baiskeli, aliuliza, ilikuwa na taa?