Ardith Sorlie na Kikinga Mkono Kilichoinama Mara Mbili

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Ardith Sorlie atavua aproni yake na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya Duka la Bunduki la Brekke, hapa Lewistown. Kati ya miaka hiyo, ishirini na mmoja nimefanya kazi kwenye meza iliyo ubavuni mwake. Nimeombwa niandike wasifu wake, na nimekubali, ingawa mwenye duka angefanya vyema kumwomba mtu asiye na kijicho.

Alianza mwaka 1991 akifagia na kusafisha mitutu. Kufikia 1998 alikuwa fundi mkuu. Amenyoosha, amefunga na kurekebisha bunduki za nusu ya Montana, na hajawahi kumcheka mteja usoni. Mimi nimewacheka wengi. Ndiyo maana walikuwa wakiingia, wakinipita kana kwamba mimi ni rafu ya risasi, na kuuliza, "Ardith yupo?" Akiwa ametoka kula, walisema watasubiri. Mimi nimesimama pale pale, spana mkononi!

Nitasimulia kisa kimoja, maana hiki hakijawahi kusikika dukani.

Vuli ya 2014, siku mbili kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, aliingia Duane Hruska, mkulima wa ngano. Alikuwa amemuundia binti yake wa miaka kumi na miwili bunduki kwenye meza ya jikoni, kwa vipande alivyoagiza kwa posta. Tatizo lilikuwa kikinga mkono, lile gamba linalozunguka mtutu ili mkono usiungue. Kilikuwa kimeinama kulia, na reli yake ya juu, ile inayobeba kilengeo cha mbele, haikulingana na reli ya mwili wa bunduki.

Siku hiyo Ardith alikuwa na mteja mwingine, kwa hiyo Hruska alinijia mimi. Niliitazama dakika moja tu. "Mwili wenyewe umetoka kiwandani ukiwa umepinda," nikamwambia. "Agiza mwingine. Wiki mbili."

"Wiki mbili? Msimu unafunguliwa keshokutwa, bwana!"

Ardith akasogea. "Ulikaza skrubu ipi kwanza, Duane?"

"Ya kulia. Mpaka mwisho. Halafu ya kushoto."

"Na zile pete nyembamba zilizokuja na nati ya mtutu?"

"Pete gani tena?"

Pete zilikuwa bado kwenye boksi, ndani ya gari lake. Ardith akafungua kila kitu. Akazitia pete mpaka tundu la nati likatazamana sawasawa na kijibomba cha gesi, kile kinachopita juu ya mtutu, kisha akalaza rula ya chuma juu ya reli zote mbili na kukaza skrubu kwa zamu: robo kulia, robo kushoto, kama mtu anayefunga nati za gurudumu. Ndani ya dakika ishirini, rula ililala bila mwanga kupita chini yake.

Hruska alimshukuru kana kwamba amemfufulia ng'ombe. Mimi hakunitazama. Akaiacha bunduki rafuni, akaenda kumalizia shughuli zake mjini.

Ardith alipokwenda kula, niliichukua ile bunduki kwenye rafu. Nilitaka kuona amekosea wapi. Nikalegeza skrubu, nikapima, nikatafuta, nisipate kosa hata moja. Mara mteja akaingia. Nikakaza harakaharaka, ya kulia mpaka mwisho, kisha ya kushoto, nikairudisha. Nilijua imeinama tena. Hruska alipokuja kuichukua saa kumi, sikufungua mdomo.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, alirudi, uso umemwiva. "Ardith, imeinama tena! Mtoto amepiga risasi kumi na tano, karatasi haikutoboka hata mara moja. Analia. Anasema yeye hafai, hataki kuwinda tena."

Ardith aliziangalia zile skrubu. Ufunguo wangu wa kukazia skrubu ulikuwa umemeguka ncha, na ulikuwa umeacha alama kwenye kichwa cha ile ya kulia. Alinitazama mara moja tu, kisha akamgeukia mteja.

"Kosa ni la meza yetu, Duane. Mwambie binti yako si mkono wake. Mwambie leo hii, kabla hajala." Halafu akaongeza, "Wendell ataifunga. Mimi nitamshikia rula."

Niliifunga, robo kulia, robo kushoto, masikio yakiniwaka. Hruska alinipa mkono na kuniita fundi. Nilimchukia Ardith siku ile kuliko siku yoyote, kwa sababu angeweza kunimaliza kwa neno moja, na hakulisema.

Yule binti alipata kulungu wake wiki ya tatu. Wakatuletea soseji, zimeandikwa "Ardith na Wendell." Ndiyo, jina lake lilitangulia. Nililiona.

Hruska, kama unasoma haya, samahani. Mwambie binti yako pia. Najua sasa ni mtu mzima, lakini mwambie. Nawe mwenye duka, niko mezani pangu ukinihitaji.

Jana nilimpa Ardith rasimu hii aisome. "Mbona umengoja miaka kumi na moja?" akauliza.

"Nilikuwa nangoja nawe ukosee kwanza."

"Basi ungezikwa nayo," akasema, akasahihisha tarehe moja niliyokosea, akanirudishia.

Ardith, asante kwa kazi yako, na kwa neno lile usilolisema. Nenda salama kwenye nyumba yako ya ziwani, afya ikufuate, na siku zako ziwe ndefu. Sisi tunabaki hapa na wateja wako, ambao kuanzia Jumatatu watalazimika kuniuliza mimi. Bado nakuonea wivu.

Wendell Krumm, karakana