Doa Jekundu Shinani: Risala ya Wazazi wa Vijana Wachoraji

Mgeni rasmi, meneja wa kampuni ya mbao, karibu kwenye maonyesho. Sisi wazazi wa vijana waliokuchorea miti tunaanza na uvumi uliotukosesha raha: eti mti ukishachorwa na watoto wetu, haukawii kuanguka. Mimi ninayesoma niliambiwa bombani, "Dada, binti yako ana kisirani!" Nilicheka, lakini neno likanikaa.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Uliagiza picha za msitu za kutundika ofisini. Vijana wakaingia msituni kila asubuhi na rangi zao na vigoda. Kazi ndiyo hii ukutani. Tazama ule mti unaobanduka magome. Hata sisi tulioishia shule ya msingi tulitaka kuugusa.

CHANGAMOTO
Tukasema twende tukaone wenyewe. Tulipofika, mti ndiyo kwanza umelala chini na mkata miti anajifuta jasho.

"Baba, kwa nini umekata huu?"

"Mama zangu, mimi naangalia rangi tu. Msimamizi akishapaka doa jekundu, nakata."

Hapo binti yangu akatokea na kopo la maji, akashika mdomo. Kumbe miti inafanana, nao wachoraji hupaka doa shinani ili kesho wasipoteane na mti wao. Doa lenyewe jekundu!

"Ala! Kumbe wewe ndiye bosi wangu?" mkata miti akamwambia. Tukacheka sana, mpaka nilipokiona kigoda cha binti yangu chini ya matawi, kimekuwa kuni.

"Mama nawe, usiogope. Si nilikuwa nimekwenda kuchota maji?"



MAOMBI
Kesho wanarudi kuchora picha ya mwisho. Hatutaki uwazuie, wanaipenda kazi hii. Tunaomba uwakutanishe na wakata miti leo, humu ukumbini, kabla hujaondoka.

Mungu akulinde wewe na wanao.
Ni sisi, Wazazi wa Vijana Wachoraji.

Ya kuepuka, kwa wote:

Mchoraji, usipake rangi shinani. Funga kitambaa cheupe.
Usikae msituni bila kumwambia msimamizi ulipo.
Msimamizi, usimtume mtu kukata mti wenye doa ambalo hukulipaka wewe.
Mkata miti, usiwashe msumeno kabla hujauzunguka mti na kuita. Anayechora hasikii mara ya kwanza. Ita tena.