Mkanda wa Buhehe Unapumzika Saa Nne

Mzee Phanuel Wesonga anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Machi 1967, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye injini ya kiwanda chetu cha pamba hapa Buhehe. Leo pia kiwanda kinafungwa. Mambo hayo yamekuja siku moja, na hatuwezi kuandika moja tukaficha lingine.

Alianza mwaka 1938 akibeba kuni, akapanda hadi fundi mkuu. Kwa mlio tu alijua ni beringi ipi imekauka. Tangu ashike injini hakuna aliyekatwa kidole hapa, na wanaoijua kazi ya pamba wanajua hilo si jambo dogo.

Sisi akina mama arobaini, tunaotenga pamba safi na fifi, yaani ile yenye madoa, tunamjua kwa jambo lingine. Kila siku saa nne alisimamisha injini robo saa, watoto wetu waliolala nyuma ya stoo wakanyonya. Meneja, Bwana Obbo, alipouliza, Mzee alimjibu bila hata kutabasamu kwamba mkanda wa injini ukishapata joto lazima upumzike. Bwana Obbo aliamini miaka sita. Na Mzee akipita alitutania: "Mama Taaka, huyo wako analia kupita injini. Mpe haraka, mkanda unaamka!"

Kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, aliandika kila siku katika daftari la injini: saa nne, imesimama, mkanda.

Mwaka jana Kampuni yenye kiwanda ilitaka kupunguza gharama. Viwanda vyake vya Majanji, Iyolwa na Buhehe, ilisemwa, ni injini tatu na mameneja watatu. Heri pamba yote iende mahali pamoja. Wakaguzi walifungua daftari letu, wakaona mashine inasimama kila siku ya Mungu. Wakaandika kwamba imechoka.

Mzee alipanda baiskeli hadi ofisi kuu Tororo, akawaambia ukweli: mashine ni nzima, aliyekuwa akiisimamisha ni yeye, ili watoto wanyonye. Wakamwuliza ni wanawake gani waliomwomba. Akasema hakuna aliyeomba. Ni kweli, hatukuomba. Uamuzi haukubadilika. Iyolwa ndiyo iliyobaki, na nafasi ya fundi aliyoahidiwa kule ikafutwa.

Tangu hapo anajilaumu, hataniani na mtu. Basi Mzee, tunakuandikia mbele ya wote: acha hayo. Iyolwa ni mbali kwa mwenye mtoto mgongoni. Wengi wetu hatutakwenda, na tunajua mwaka huu utakavyokuwa mgumu bila mshahara. Lakini hakuna mmoja wetu ambaye angetaka daftari lile liwe tupu.

Asante kwa kila robo saa. Ukae salama nyumbani na mkeo, Mama Nereah, ulale mpaka jua lipande, mwili wako upumzike.

Leo saa nne utasimamisha injini kwa mara ya mwisho. Ombi letu ni moja tu: safari hii, andika sababu yenyewe.

Loy Adeke, kwa niaba ya akina mama wa pamba