Koti la Dánjal na Ubeti wa Mwisho

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa kisiwa chetu cha Sandoy na nyinyi mliovuka kwa feri kutoka mjini Tórshavn, familia imenituma mimi, Dánjal Joensen, nisome maisha ya shemeji yangu, na mnaocheka huko nyuma kwa kuwa ni mimi niliyesimama hapa, chekeni tu, mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Marehemu Niklas Petur Lamhauge alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946 katika kijiji hiki, kifungua mimba wa mzee Hans Petur na mama Súsanna, akasoma shule yetu ya chumba kimoja hadi mwaka 1960, ambapo mwalimu alisema mtoto ana akili ila mdomo wake hauna mlango, kisha akaenda kuvua pwani ya Greenland kwa misimu minne, akajifunza useremala Tórshavn kuanzia 1965 hadi 1969, akarudi nyumbani, na hata viti hivi mlivyokalia ni kazi ya mikono yake.

Tarehe 12 Juni 1971, ndani ya kanisa hili, alifunga ndoa na dada yangu Billa, wakajaliwa watoto wawili, Turið na Bárður, na wajukuu watano.

Lakini kazi iliyompa jina ni utunzi, kwani hapa kwetu aliyefanya upuuzi wa mwaka hutungiwa utenzi, na usiku wa ngoma kabla ya Kwaresima huingizwa kwenye duara, wanaume wawili wenye nguvu wakamshika mikono asikimbie, nasi tukazunguka tukikanyaga sakafu na kuuimba upuuzi wake mwanzo hadi mwisho, naye akicheza nasi, kisha ubeti wa mwisho humsifu, anaachiwa, anapewa glasi yake, na tangu hapo ni mwiko kumchokoza tena kwa jambo lile. Marehemu alikuwa akisema, mtu akichekwa usoni hadi mwisho, hakuna kilichobaki cha kumcheka mgongoni. Aliwatungia wengi, na wote walitoka wakifuta machozi ya kicheko, isipokuwa mmoja.

Oktoba 1979, mlimani, ukungu ukiwa mzito, nilipapasa kwa vidole alama ya mwenye kondoo inayokatwa sikioni, nikachinja kondoo dume wa Mchungaji wa wakati ule nikidhani ni wangu, na kama hiyo haitoshi, nikamwalika Mchungaji chakula cha Krismasi, akala, akaongeza, mpaka Billa, aliyekuja kunisaidia kupika, alipoleta kichwa kwenye sinia na masikio yake yote mawili, Mchungaji akaligeuza sikio moja, akatabasamu, akasema, "Nyama tamu sana, Dánjal, nami nilikuwa nashangaa dume langu limepotelea wapi." Nasema mbele ya jeneza hili, na sitachoka kusema, ukungu ulikuwa mzito!

Basi Februari 1980 nikashikwa, Niklas akaanzisha utenzi wangu, nikavumilia, hadi alipoimba "mwizi mcha Mungu" na mama yangu mzazi akacheka kuliko ukumbi mzima, hapo damu ikanipanda, nikajinyofoa, nikawaachia wale wanaume koti mikononi na kutoka nje kwenye mvua. Ubeti wa mwisho sikuusikia, wala hakuna aliyeusikia, maana Niklas alinyamaza pale pale, akasema hauimbwi mwenyewe akiwa hayupo, akalitundika koti langu kwenye msumari ukumbini.

Miaka thelathini na tisa, ndugu zangu, tulivua katika mashua moja, tukala meza moja, na mimi ukumbini sikukanyaga, na watu wakaendelea kunilia "mee" nyuma ya mgongo, kwa kuwa mzaha wangu haukuwa umefungwa. Nilimwambia mara moja, "Si uniambie tu huo ubeti, yaishe?" Akajibu, "Shemeji, ubeti si maziwa uletewe mlangoni, njoo ushikwe." Nami ni mkaidi, mnanijua. Kila mwaka kabla ya ngoma alilipiga koti lile brashi, akalirudisha msumarini.

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, na Novemba mwaka jana akajitengenezea jeneza, kwa urefu ule aliokuwa akijisifia maisha yake yote na si ule Mungu aliompa, na alipolala ndani kujipima, miguu haikugusa ubao, Billa akasema, "Mume wangu, humo umeacha uwanja wa ngoma?" Nilicheka jikoni kwao hadi nikakaa chini, ndipo dada yangu akanikazia macho, "Kaka, ukilichekea hapa ni umbeya tu, nenda kaliimbe."

Nikatunga, utenzi wangu wa kwanza na wa mwisho, na tarehe 4 Machi 2019 nikaingia ukumbini, nikavaa koti langu, halifungi tena tumboni, tukamwingiza Niklas kwenye duara, Bárður kushoto kwake na mimi kulia, si ili asikimbie, bali asianguke. Alicheka hadi kikohozi kikamkaba, akasema, "Kina cha tatu kimevunjika mguu, shemeji!" Kisha akanishika mkono kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi, akaimba kwa sauti ya mnong'ono ule ubeti wangu wa mwisho, kwamba Dánjal alikosea sikio kwenye ukungu, lakini alfajiri iliyofuata chakula kile alimpelekea Mchungaji dume lake bora, bila kuombwa, bila kumwambia mtu. Nililia mbele za watu, na tangu usiku ule hakuna aliyenilia "mee".

Alifariki nyumbani tarehe 19 Machi, Billa akiwa pembeni yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tórshavn, majirani mlioleta supu na kuwasha jiko asubuhi, na mafundi wenzake mlioingiza misumari hii bila kuthubutu kupunguza urefu.

Ile nafasi iliyobaki miguuni nimeijaza kwa koti langu. Lala salama, shemeji, safari hii sijakimbia.