Kisu cha Babu Kiko Ziwani

Njooni karibu, wanangu, Ante kulia kwangu, Risten kushoto, na msininunie kama watu wanaosubiri kung'olewa jino, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya hotuba moja tu.

Kulungu wetu wa kufugwa nimekwisha kuwagawia, kila mmoja na alama yake sikioni. Nyumba ni ya wote wawili. Pikipiki ya theluji, aliyeivunja anajijua, ataitengeneza. Kimebaki kisu. Najua tangu Pasaka hamsalimiani kwa sababu yake: wewe Ante unasema cha babu ni cha mwana wa kiume, na wewe Risten unasema ndiwe uliyekinoa miaka yote kaka yako alipokuwa mjini akijifunza kufungua makopo.

Basi sikilizeni aibu yangu. Kisu cha babu yenu kiko chini ya ziwa Inari. Majira ya baridi uliyozaliwa wewe, Ante, niliiona ala ya baba ndefu na ya kizamani, nikanunua fupi, yenye nakshi, ili nipendeze. Nikaenda kuvua kwenye tundu la barafu, nikapasua samaki, nikakichomeka kisu kiunoni, nikainama kuchungulia tundu. Chubwi. Nilipofika nyumbani, mama yenu Elle, Mungu amrehemu, akasema, "Mume wangu, wenzako wanavua samaki, wewe unawalisha vyuma?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanifichia siri: hiki mnachokigombea nilikinunua dukani, naye akauchemsha mpini kwenye machicha ya kahawa, akaupaka mafuta ya kulungu, ukazeeka miaka sitini kwa siku moja.

Kwa hiyo nendeni mkatafute vyenu, na mtumie akili ambayo mimi sikuwa nayo. Anzeni na ala: iumeze mpini karibu wote, ili hata mkianguka kichwa chini miguu juu kisu kisichomoke. Msichukue cha kukunja; barafu ikiingia kwenye bawaba mtakifungua kwa meno. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho wake, mgongo uwe mnene wa kupasulia kuni, urefu wa makali usizidi upana wa kiganja. Kinachong'aa sana waachieni watalii.

Lakini mpini... nipeni maji kidogo. Mpini hauchaguliwi kwa macho. Ante atamchagulia Risten, na Risten atamchagulia Ante. Huo ndio wosia wangu, mengine yote ni maneno. Na huwezi kumchagulia mwenzako mpini bila kuushika mkono wake, ukajua kidole kipi kirefu na sugu ziko wapi.

Hiki cha kahawa nizikeni nacho. Elle atataka kucheka.

Haya, pimaneni. Hapa hapa, juu ya kifua changu. Mkono wa kushoto wa nini, Ante, tangu lini unakatia nyama kwa kushoto? Ndiyo. Hivyo. Mungu aipe joto mikono hiyo... popote itakapokuwa...

Msiachie kwanza.