Lei Yuxiang, Aliyeijua Shaba kwa Kuinyanyua
(17 Aprili 1961 – 9 Machi 2024)

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi wa mji wa Fu'an mliofunga karakana asubuhi hii mkapanda mlima huu pamoja nasi, sogeeni karibu. Mawe yana umande, lakini nafasi ipo. Marehemu aliacha agizo moja kuhusu karatasi hii: isomwe kwa sauti ya kusikika, isiwe ndefu, na isimweleze mtu ambaye si yeye. "Mkiniongezea sifa nitawasikia," alisema. Kwa hiyo yaliyoandikwa humu ndiyo yaliyokuwepo.

Lei Yuxiang alizaliwa tarehe 17 Aprili 1961 katika kijiji cha Shangpan, kwenye milima ya chai kaskazini ya Fu'an, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Lei Shuimu na marehemu Zhong Jinlian. Ilikuwa siku ya wali mweusi, sikukuu yetu sisi Washe, kabila la milima hii. Mwaka ule mchele ulikuwa wa kuhesabu punje. Mama yake alichemsha majani, akapata maji meusi ya kuupaka wali rangi, ila wali wenyewe haukuwepo. Akayanywa yale maji, akajilaza, akajifungua. Yuxiang alipenda kukisimulia kisa hicho, na kila mara alimalizia hivi: "Rangi tulikuwa nayo. Wali ndio uliokosekana."

Alisoma shule ya msingi ya Shangpan kuanzia 1968 hadi 1973, akaacha akiwa darasa la tano ili achume chai na kumbeba mdogo wake mgongoni. Kuandika kulimpa taabu maisha yake yote. Hesabu haikumpa taabu hata siku moja. Waliofanya kazi naye mnakumbuka: alihesabu mizunguko mia nne ya waya huku akimjibu jirani, akimtania na kumcheka, na asipoteze hata mmoja.

Mwaka 1982 aliteremka mjini akaajiriwa katika kiwanda cha ushirika kusuka koili za mota na jenereta, yaani kuzungusha waya wa ndani, na mwaka 1994 akahamia kiwanda cha Bwana Lian, ambako jenereta ndogo za kubebwa na watu wawili zilikuwa zinaanza kutoka kwa maelfu. Injini ilikuja kwa lori kutoka Chongqing. Fremu ya mabomba ilichomelewa ua wa nyuma, tangi likapakwa rangi mtaa wa pili. Koili, ambayo ndiyo inayozaa umeme wenyewe, ilisukwa na akina mama wa benchi la Yuxiang. Mashine ilijaribiwa kwa kuwashiwa safu ya taa, mafuta yakamwagwa, ikapanguswa, na hapo ndipo ilipopewa jina. Maana mashine ilikuwa moja na majina yalikuwa arobaini. Kila mnunuzi wa ng'ambo alikuja na rangi yake na chapa yake: huyu nyekundu yenye simba, yule njano yenye radi, mwingine jina lolote mradi lisikike kama la Kijapani. Langoni zilitoka kama mapacha wanaokwenda kulelewa nyumba tofauti.

Yuxiang hakuzijua chapa. Alizijua koili. Shaba ni nzito, na alumini ni nyepesi hata ikivishwa koti la shaba. Yeye alinyanyua koili kwa mkono wa kushoto, akasema ni nini, na mizani haikuwahi kumpinga. Kamba ya kufungia waya aliifunga kwa fundo lenye masikio mawili, lile ambalo mama yake alifungia magunia ya chai. Hakuna mwingine aliyelifunga hivyo.

Mumewe, Miao Desheng, alikutana naye mwaka 1984 katika kiwanda cha ushirika. Yeye kazi yake ilikuwa kupigilia vibao vya jina na nguvu ya mashine. Siku hiyo alikuta mashine iko karibu na benchi la akina mama.

"Dada, hiyo ya kilowati tatu, tusaidie kuisogeza."

"Nani kasema tatu?"

"Kibao kinasema."

"Kibao umekipigilia wewe, koili nimeisuka mimi. Ni mbili na nusu, tena ikiwa na usingizi wa kutosha."

Benchi zima likacheka. "Miao, leo umepatikana!" Miao akaisukuma mpaka kwenye taa za majaribio kwa hasira. Ilipofika mbili na nusu, taa zikaanza kusinzia. Kesho yake alirudi na keki za mchele, na tarehe 2 Oktoba 1985 wakaoana. Binti yao, Qiuyan, alizaliwa 1987.

Mzee Miao ameruhusu hili lisemwe. Herufi za kigeni hakuzisoma. Alizijua kwa sura zake, ngazi, nyoka, yai. Siku moja, katika kiwanda cha Bwana Lian ambako naye alihamia, alibandika stika za matangi mia mbili juu chini, na jina XOM likasomeka WOX. Aliketi kwenye boksi akisubiri kufukuzwa. Mnunuzi akaja, akazitazama, akaagiza mia mbili nyingine vilevile. Sasa mnunuzi huyo alikuwa na chapa mbili. Yuxiang alicheka mpaka akashika ukuta.

Ila kuna mwaka ambao hawakucheka, nao ni 2009. Kiwanda kilikuwa kimeletewa rundo la waya mpya, na Yuxiang aliunyanyua akasema ni alumini. Akaambiwa utaandikwa hivyo. Miezi michache baadaye jenereta moja ilirudishwa kutoka ng'ambo, imeungua. Walipoifungua, chini ya masizi waya ulikuwa mweupe wa alumini, na kamba ilikuwa na fundo lenye masikio mawili. Nje, kibao kilisema: shaba asilimia mia. Kibao kilikuwa cha mumewe.

Alikwenda ofisini akiwa na koili hiyo mkononi.

"Bwana Lian, andika alumini. Ukiandika alumini, nitakusukia alumini mpaka nizeeke."

"Dada Lei, nani atafungua mashine ili asome ndani?"

"Ikiungua wataifungua. Watakuta mkono wangu humo."

Alumini haikuandikwa. Akavua aproni, akarudi nyumbani, akaanza kutengeneza mota mbovu barazani. Mzee Miao alibaki kiwandani, maana Qiuyan alikuwa bado anasoma. Yuxiang hakumgombeza. Ila kila jioni, bakuli zikiwekwa mezani, alimuuliza swali moja: "Mzee Miao, leo umebandika nini?" Naye alijibu kwa ukweli: leo mia na ishirini, leo tisini. Kisha wakala. Ilikwenda hivyo karibu miaka miwili. Jioni moja ya Aprili 2011 alijibu, "Leo sikubandika," akaweka nyundo yake kwenye droo. Tangu hapo walifanya kazi pamoja barazani. Mteja aliyetaka shaba alipata shaba, na aliyetaka alumini alipata alumini na karatasi inayosema hivyo.

Julai 2023 alianza kuacha chakula. Tarehe 9 Agosti vipimo vilionyesha saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea. Daktari aliwaita pembeni Qiuyan na baba yake, na kama zifanyavyo familia nyingi hapa kwetu, wakaamua mgonjwa asiambiwe. Wakamwambia ni vidonda vya tumbo. Qiuyan akanunua dawa za vidonda, wakabandua karatasi zake. Mzee Miao akazibandika juu ya chupa za dawa ya saratani, kwa mkono uleule ambao kwa miaka kumi na mbili haukuwa umebandika uongo.

Asubuhi ya nne, uji ukiwa mezani, Yuxiang alichukua chupa akaigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"Qiuyan, hizi zimetoka hospitali?"

"Ndiyo, mama. Kunywa uji, unapoa."

"Hospitali wana haraka. Karatasi zao hukaa upande. Hii imenyooka kama uzi." Akaiweka mezani, akamgeukia mumewe. "Mzee Miao, leo umebandika nini?"

Kijiko cha mzee kilibaki hewani. Qiuyan alimkanyaga mguu chini ya meza, alituambia mwenyewe. Mzee akakiweka kijiko, akasema jina la ugonjwa, akasema na miezi aliyoitaja daktari. Kisha akalia, na Qiuyan akalia.

Yuxiang alikuwa na hofu, tusiseme hakuwa nayo. Akaweka mikono mapajani. "Sawa," akasema. "Sasa najua ninachobeba." Akamwambia binti yake, "Mwanangu, ulifanya kwa mapenzi, naona. Ila mashine ni yangu. Nipeni na mimi nisome." Halafu akaomba aongezewe uji.

Miezi ile aliitumia. Aliwafundisha wanawake wawili wa mtaani kusuka, akawafundisha na lile fundo. Alikwenda Shangpan kuaga. Alichagua mwenyewe jiwe hili mnaloliona. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, Miao Desheng. Binti, Miao Qiuyan. Mkwe, Zheng Shaobin. Mjukuu, Zheng Keyi. Kaka, Lei Shuifa. Wadogo zake, Lei Yuqin na Lei Jiagui. Na wateja ambao mota zao ziko barazani, zote zimekwisha, kila moja na karatasi yake.

Juma hili Mzee Miao aliifungua ile droo. Jina la marehemu limechongwa kwenye jiwe, na la mzee liko kando yake kwa rangi nyekundu, maana yeye bado yupo. Chini ya jina la mkewe amepigilia kibao kidogo cha chuma kwa ribiti nne. Kinasema: *Ndani: shaba tupu.*

Qiuyan alikisoma akasita. "Baba, si alisema tusimwongezee?"

"Sijaongeza," akajibu mzee. "Miaka thelathini na nane nimemnyanyua na ameninyanyua. Katika vibao vyote nilivyopigilia, hiki nina uhakika nacho."

Kimenyooka kama uzi. Tulia sasa, Dada Yuxiang, upumzike kwa amani. Uzito wako tumeuhisi sote tuliokubeba kupanda mlima huu.