Aliyetembea wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, shemeji ameniagiza nisome polepole na nisiongeze maneno yangu, hilo la kwanza nitajitahidi.

Kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mita, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, wa kwanza kati ya watoto wanne, mimi nikiwa kitinda mimba, na mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa na tangu hapo hakumkamata tena. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya ufundi hadi 1971, akienda na kurudi kwa miguu ingawa basi lilipita mlangoni.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano, uchochoro kwa uchochoro, akimjua kila mbwa kwa tabia yake. Katika kuzunguka huko ndiko alikomwona shemeji, na mita ya nyumba ile ikaanza kusomwa kila wiki badala ya kila mwezi, wakafunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, wakajaliwa watoto watatu, mwalimu, mfamasia na fundi friji, na wajukuu watano.

Alistaafu Juni 2008, akakaa nyumbani miezi saba akimkagua shemeji jikoni, mpaka shemeji akamwambia atafute pa kuipeleka miguu yake. Jumamosi tarehe 7 Februari 2009 akatoka na majirani wanne kuzunguka bwawa la zamani, na huo ndio mwanzo wa Matembezi ya Jumamosi, yaliyopita masokoni, kwenye viwanda vilivyofungwa, hadi vilimani nje ya jiji. Yeye alitembea wa mwisho, na mwavuli wake mwekundu, akihesabu vichwa langoni mwa bustani asubuhi, akihesabu tena palepale jioni, na hesabu isipotimia hakuna aliyekwenda kwake. Mwenye magoti mabovu, mwenye msiba, yeyote aliyeburuta miguu, alijua nyuma yake kuna mtu.

Sasa shemeji, nisamehe, naongeza. Tarehe 15 Novemba 2014 mliondoka thelathini na mmoja, mkarudi thelathini, mkasimama langoni saa mbili nzima mkinyeshewa, kaka akarudi njia yote peke yake, kilomita tisa, akichungulia mitaroni na kugonga milango ya vyoo. Tangu siku hiyo mmekuwa mkimsema Mtoro, na kila mlipouliza ni nani, kaka alijibu kwamba mtu amefika salama, yatosha. Jamani, Mtoro ni mimi. Viatu vilinibana, nikaona haya kusema, nikapanda basi, na kaka aliponikuta kwangu miguu iko kwenye beseni, alisimama mlangoni akichuruzika maji, akawapigia simu kuwa hesabu imetimia, akaenda zake. Sikumwomba radhi, nikajiona mjanja kumbe mjinga, na miaka kumi nikazikwepa Jumamosi zake.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2024, akalazwa Februari mwaka huu, na tarehe 6 Machi alinishika mkono akaniambia mwavuli uko nyuma ya mlango wa stoo. Nilimwelewa vizuri sana, nikajifanya sikuelewa, nikasema atautumia mwenyewe akipona. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, kabla sijampa jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopanga viti na kupika, wenzake wa idara ya maji, na nyinyi watembezi mliokuja na raba zenu kama alivyotaka, maana aliomba asindikizwe kwa miguu.

Leo kaka anatangulia, jambo ambalo hakulifanya hata Jumamosi moja. Mwavuli ninao hapa, nitatembea wa mwisho, nitawahesabu tukitoka na tukirudi, na Jumamosi saa moja asubuhi mtanikuta langoni. Nisamehe, kaka, safari hii sitoroki. Pumzisha miguu yako kwa amani.